Kila Mtu Aje na Karamu Yake

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani, walimu, na wanafunzi wa jana na wa juzi, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kuketi nasi asubuhi hii, na kazi ya kusoma historia hii imempa mdogo wake marehemu, shangazi yao hawa mnaowaona safu ya mbele, si kwa sababu ana sauti nzuri kuliko wengine, bali kwa sababu ndiye aliyegombana na marehemu kwa miaka mingi zaidi na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya karatasi. Mkimsikia akicheka mahali fulani msishangae, maana marehemu mwenyewe aliagiza kwamba msomaji akizidisha kilio akalishwe chini, asimame mwingine.

Kaka yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe muuza mboga, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kusema mpaka majirani wakaanza kuuliza kwa upole kama masikio yake ni mazima, halafu asubuhi moja akafungua kinywa na tangu hapo hakukifunga. Kasoro ikawa moja tu, kwamba ulimi wake haukuwa na herufi L. Kila L iliyoingia kinywani mwake ilitoka R, akasema reo badala ya leo, akasema kurara badala ya kulala, na pale nyumbani hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa upande aliotoka baba ndivyo walivyosema wengi, sisi wadogo zake shule ikaturekebisha, kwake yeye shule ikanyoosha mikono.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1965, akasoma sekondari ya bweni ya wavulana kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, na miaka yote hiyo alishika nafasi ya kwanza katika hesabu na nafasi ya mwisho katika kusoma kwa sauti, kisha akajiunga na mafunzo ya ualimu mwaka 1970 na kuhitimu Novemba 1971. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa shule ya msingi ya mtaa wa viwandani, alikoanza Januari 1972 na kupewa darasa la kwanza, wale watoto wakampenda kupita kiasi, na baada ya muhula mmoja mtaa mzima ulikuwa na watoto wanaohesabu moja, mbiri, tatu, hadi wazazi wakaenda kumwona mwalimu mkuu, naye kwa busara akamhamishia darasa la saba, kwa wanafunzi ambao walishajua mbili inavyosemwa. Mwaka 1978 alirudi masomoni kuchukua stashahada ya hesabu, na tarehe 5 Januari 1981 akaajiriwa kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, chuo ambako wengi wenu mmetoka asubuhi hii kwa basi lenye bendera nyeusi dirishani.

Sasa ndugu zangu, katika wiki yake ya pili chuoni marehemu aliliandalia darasa lake jaribio, na kabla ya kutoka akawatangazia kwa sauti ya mtu asiyetaka mchezo, "Kesho kira mtu aje na karamu yake, asiye na karamu hafanyi mtihani." Alikusudia kalamu. Kesho yake aliingia darasani akakuta sufuria, sahani zilizofunikwa, chupa za chai, mkungu wa ndizi juu ya meza ya mwalimu, nusu ya darasa wakiwa wameamini kweli kwamba chuo kinawakaribisha, na nusu nyingine wakiwa wameuma midomo ili wasipasuke kwa kicheko, na harufu ikatoka mpaka ofisi ya mkuu wa chuo, naye akaja mwenyewe kuona. Kufikia saa nne jina lake lilishakuwa Mwalimu Karamu, na halikuwa jina la mapenzi.

Inafaa walio vijana wajue chuo kilivyokuwa wakati ule, la sivyo hawataelewa kwa nini mtu mzima aone aibu ya kiasi hicho kwa sababu ya ndizi. Kulikuwa na kitu kilichoitwa Alhamisi ya Ulimi, ambapo kila Alhamisi wanafunzi walikusanywa ukumbini, mmoja mmoja akapanda jukwaa la mbao na kusoma aya ya kitabu, aliyesoma bila kuteleza akashuka kulia, aliyeteleza akashuka kushoto na kusimama huko mpaka mwisho, ukumbi mzima ukimcheka kwa ruhusa ya chuo, na aliyeshukia kushoto mihula mitatu mfululizo hakupewa cheti. Ilisemekana ni kulinda kiwango. Ila mtu mwenye macho aliona kwamba wanaosimama kushoto ni walewale, wametoka pande zilezile za nchi, wakiitwa "wa kule," na wa kule hao mwisho wa siku walijikuta wote bweni moja, lile la karibu na shimo la taka, haikuandikwa popote kwamba wabaguliwe, ilitokea tu hivyo kila mwaka, na kila mwaka waliohusika waliona ni bahati mbaya.

Marehemu alitazama ukumbi ule, akakata shauri kwamba neno lenye L halitatoka tena kinywani mwake mbele ya watu. Tunaomba mlipime jambo hilo kwa utulivu, kwa sababu lugha hii bila L haikaliki. Hakusema tena nilikwenda, alisema nimekwenda, hata kama safari ni ya mwaka juzi, wenzake wakawa wanamuuliza hali ya barabara. Leo akaiita siku hii, mlango akauita hapo pa kutokea, walimu wenzake wote wakawa wakufunzi, na Alhamisi ya Ulimi yenyewe hakuweza hata kuilalamikia, kwa sababu jina lake lina L mbili. Kilichomtesa zaidi ni mbili, maana hakuna hesabu isiyopita hapo, basi akabuni njia, akawa anaiandika ubaoni, anaigonga kwa chaki, anageuka na kuwatazama wanafunzi kwa jicho la kuuliza, darasa zima linaitika "mbili," naye anatikisa kichwa kwa kuridhika na kuendelea. Wakaguzi walipokuja waliipenda mno mbinu hiyo, wakaiita mbinu shirikishi, mkuu wa chuo akaiandikia kurasa nzima, na wakufunzi wengine wakaagizwa waje kukaa nyuma ya darasa wajifunze kwake.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na wifi yetu mwaka 1982 katika dirisha la posta alikokuwa karani, na kilichowakutanisha ni ileile mbili, kwa sababu kila alipohitaji stempu mbili aliomba moja, akalipa, akanyamaza, kisha akaomba nyingine moja, foleni nyuma yake ikinung'unika, na wifi, ambaye si mtu wa kupitwa na kitu, alimtazama wiki ya kwanza, akamtazama wiki ya pili, na wiki ya tatu akamwekea mbili mezani kabla hajafungua mdomo na kumwambia kwamba kwake hana haja ya kuhangaika. Kaka alirudi nyumbani akasema amepata mchumba, tukamuuliza amemwambia nini huyo dada, akasema bado hajamwambia chochote.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe ndipo alipoteleza, kwani aliingia sebuleni akakuta viti vyote vimejaa wajomba, akahangaika, na kwa kutaka kuuliza mahali pa kukaa akamwinamia baba mkwe na kusema kwa adabu, "Samahani mzee, mahari pangu ni wapi?" Mzee hakusikia kingine chochote katika sentensi hiyo isipokuwa mahari, akafurahishwa sana na kijana anayeingia kwenye hoja bila kupoteza muda, akaita ukoo wote, na mambo yaliyokuwa yachukue miezi yakaisha jioni ileile. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, wakaishi katika nyumba ya chuo yenye baraza la saruji, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni fundi wa majokofu, wa pili ni mwalimu wa chekechea, na kitinda mimba, aliyerithi ulimi wa baba yake mzima mzima bila kupunguziwa, ni mtangazaji wa mpira redioni, na mnajua wenyewe jinsi anavyotangaza gori.

Tunafika sasa mahali ambapo familia imeomba pasomwe polepole. Mwaka 1992 kulikuwa na binti wa mwaka wa mwisho ambaye chuo kizima kilimwita Lafiki, kwa kuwa yeye alikuwa kinyume cha marehemu, hakuwa na R, kila R yake ilitoka L, na kila mtu aliyekutana naye alikuwa lafiki yake, kwa hiyo ukimchukua yeye na kaka ukawaunganisha unapata mtu mmoja mwenye herufi zote. Lafiki alikuwa amefundisha darasa la kwanza katika mafunzo kwa vitendo, watoto wakajua kusoma kabla ya wakati, mwalimu mkuu wa shule ile akamwombea abaki palepale, lakini alikuwa ameshukia kushoto mihula mitatu, na siku ya Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 1992, akaitwa mbele ya kamati ya watu watano ili aelezwe kwa nini anarudi kwao bila cheti. Marehemu alikuwa mmoja wa hao watano, aliyechaguliwa kwa sifa ya kutosema maneno mengi.

Mwalimu wa lugha, aliyeianzisha Alhamisi ile na ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza binti swali la haki kabisa, kwamba mtoto wa darasa la kwanza atajifunzaje kusoma neno rangi kwa mwalimu anayesema langi. Binti akajibu, "Namwita mtoto mwenye hiyo helufi, anaitamka yeye, mimi naigonga ubaoni kwa chaki." Mwalimu wa lugha akamuuliza mbinu hiyo ameipata wapi.

Ndugu waombolezaji, Lafiki alikuwa amekaa darasani kwa marehemu miaka miwili, na kati ya mamia waliopita pale ni yeye peke yake aliyegundua kwamba Mwalimu Karamu hajawahi kuitaja mbili, kwa sababu mwenye ugonjwa humjua mgonjwa mwenzake, na hakuwahi kumwambia mtu. Angeweza kunyoosha kidole tu. Cheti chake kilikuwa juu ya meza ile, wazazi wake walikuwa wameuza kilichouzika ili afike pale, na mtu wa kumwokoa alikuwa ameketi hatua chache mbele yake akichezea kifuniko cha kalamu. Lafiki akatazama sakafu, akasema amebuni mwenyewe.

Kaka alitusimulia baadaye kwamba katika dakika ile aliwaza nyumba ya chuo wanayokaa, akawaza watoto watatu na wifi, akawaza zile sufuria, akatamani sana kunyamaza kama alivyozoea, na akagundua kwamba miguu yake imeshasimama kabla yake.

"Mheshimiwa Mkuu," akasema, "mimi ni mwarimu wa hesabu, na miaka yote hii hapa chuoni sijawahi kusema mbiri. Mbiri, mbiri, mbiri. Reo nimesema. Mbinu hiyo ameichukua kwangu, anaficha kwa ajiri yangu. Kama huyu hafai kufundisha kwa sababu ya urimi wake, basi tufungieni mizigo wote wawiri."

Inasemekana kalamu ya katibu ilisimama. Mkuu wa chuo, mtu aliyependa lugha safi kama wengine wanavyopenda viatu safi, alivua miwani, akaivaa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeona nyumba yake ikibomoka, "Na ile mbinu shirikishi niliyowaandikia wakaguzi?"

"Ni woga tu, Mheshimiwa," kaka akajibu.

Hapo mkuu wa chuo alicheka, akacheka mpaka akaegemea meza, na kamati ikaanza kuzungumza kama watu badala ya kamati, ingawa hatutaki kuitia chumvi habari hii, kwani mjadala uliendelea mpaka saa kumi, wajumbe wawili walipinga hadi mwisho, na mmoja wao hakumsalimia marehemu kwa mwaka mzima. Lafiki alipewa cheti chake. Alhamisi ya Ulimi ilifutwa muhula uliofuata, na mwalimu wa lugha alianzisha badala yake darasa la matamshi la kujitolea, lisilo na jukwaa wala kushoto, na mwanafunzi wake wa kwanza kujiandikisha alikuwa kaka yetu, aliyehudhuria kwa bidii na hakupata nafuu hata kidogo.

Januari 1993 marehemu aliteuliwa kuwa mlezi wa wanafunzi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvunja lile bweni la wa kule, si kulibomoa, ila kuwachanganya, akawapanga wanafunzi chumba kwa chumba kiasi kwamba hakuna waliotoka upande mmoja waliolala chumba kimoja, wakalalamika, wazazi wengine wakaja na magari kulalamika, akawasikiliza wote kwa chai na hakubadili hata kitanda kimoja. Mwanafunzi wa magongo alipofukuzwa kwa upole na ngazi za ghorofa, mlezi alihamisha darasa likashuka chini, na wenye kigugumizi aliwapangia zamu za kusoma matangazo ya asubuhi, akisema kwamba matangazo yenyewe hayana haraka. Jambo la pili ni kwamba Ijumaa ya kwanza ya kila mwaka wa masomo alitangaza ukumbini, kwa makusudi sasa na kwa kifua mbele, kwamba kila mtu aje na karamu yake, wanafunzi wakaja na vyakula, kila mmoja akaketi na mtu ambaye hawasemi sawa, na sheria ilikuwa moja, anayecheka ulimi wa mwenzake anaosha vyombo. Mwaka wa kwanza vyombo vilioshwa na mkuu wa chuo. Marehemu mwenyewe aliosha mara tatu, mara zote kwa sababu ya Lafiki, aliyekuwa akija kama mgeni na kumwomba makusudi ampitishie bilauli ya maji ya balafu.

Kuhusu kuugua, marehemu alikuwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu na alilidharau kwa muda mrefu vilevile, hadi tarehe 9 Mei 2022 alipopatwa na kiharusi akiwa anamwagilia bustani, kikamchukulia mkono wa kulia na usemi wote. Mtaalamu wa matamshi wa hospitali, kijana mpole mno, alimfundisha upya kuanzia herufi ya kwanza, na baada ya miezi kadhaa kaka akawa anasema karibu kila kitu, isipokuwa kijana yule aliendelea kuja na uso wa huzuni, akimpa maneno lala, lima na lete, akipata rara, rima na rete, mpaka akamwita wifi kando na kumwambia kwamba hapo pamekwama, tiba imefika ukingoni. Wifi akamshika bega, akamwambia, "Mwanangu, hiyo L hakuja nayo hospitali, msimdai." Siku hiyo ndiyo tuliyojua kwamba kaka amepona.

Alipata mwaka mmoja na zaidi wa kukaa barazani na kubishana na redio kila mwanawe anapotangaza, hadi kiharusi cha pili kilipomchukua nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake, asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wanne, na walimu wasiohesabika. Kutokuwepo kwake kunauma, tusiseme uongo, nyumba ile imekuwa kubwa ghafla na wifi bado anaweka vikombe viwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kwa namna ya pekee yule kijana wa matamshi, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliolala nasi sakafuni, inawashukuru wakufunzi na wanafunzi wa chuo, na inamshukuru mwalimu wa lugha, ambaye sasa ana miaka themanini na mitano na amekuja kwa kusukumwa katika kiti cha magurudumu ili aketi karibu na jeneza.

Karatasi hii ilikuwa iishie kwa maneno yaliyozoeleka, Pumzika kwa amani, na yalikuwa yameshachapwa. Jana Lafiki, ambaye ni mwalimu mkuu na anastaafu mwaka huu, aliomba kuisoma, akafika mwisho, akarudisha karatasi mezani na kusema kwamba maneno hayo hayana L, wala hayana R, kwamba ni maneno ambayo Mwalimu angeyachagua katika miaka ile ya kujificha, akiugonga ubao na kusubiri wengine waseme. Familia ilikaa, ikayasema kimoyomoyo, ikaona ni kweli, na haitaki kumrudisha huko. Kwa hiyo tunawaomba msimame, nyote, wa kulia na wa kushoto, tumuage kwa ulimi wake mwenyewe, na kama mtamsikia Lafiki akijaribu na ikamtoka Lala salama, leo hii tumemsamehe.

Rara sarama, Mwarimu.